Nyumba ya mita sita: mwanga mwingi bila kuanikwa (shajara ya mradi)

Januari, wiki ya pili

Kiwanja kina upana wa mita 6 na urefu wa mita 24. Nimekipima upya kwa futi kamba, mbele, katikati na nyuma, kwa sababu kwenye kiwanja chembamba sentimita kumi si kitu cha kupuuza. Ukuta wa jirani ukiwa umeingia ndani kidogo tu, njia ya kupita inageuka kuwa njia ya kubanana.

Majirani wa kushoto na kulia wamejenga ghorofa hadi mpakani, na kuta zao hazina madirisha upande wetu. Hilo limetupunguzia kazi. Nyuma, upande wa mashariki, kuna jengo refu zaidi: lina sakafu mbili juu ya ile ya chini, limekaa mita 3 kutoka mpakani, na madirisha yake yote yanatazama kwetu. Mbele, upande wa magharibi, kuna barabara, na wapita njia wanatembea karibu kabisa na mahali ukuta wetu utakapokuwa.

Nimeshinda pale kutwa nikiandika mambo mawili kila saa: mwanga unafika wapi, na nani anaweza kuniona nikisimama hapo. Jioni nimechora ramani mbili, ya mwanga na ya macho ya watu, nikalaza moja juu ya nyingine. Mbele na nyuma ndipo penye uwazi, na ndipo penye macho. Pembeni hapana mwanga wala macho. Lakini katikati, nyumba ya mbele na ya nyuma zikishasimama, panabaki mahali panapotazamwa na anga peke yake. Mradi mzima nataka kuujenga juu ya hilo: mwanga tuuingizie juu na katikati, na pande zinazotazamwa na watu tuzifunge bila kusitasita.

Februari, mwanzoni: kikao na wenye nyumba

Familia ni baba, mama, watoto wawili na mama mzazi wa baba. Sikuanza na idadi ya vyumba. Nilimwomba kila mmoja aniambie ni saa ngapi anapenda kuwa na watu, na ni saa ngapi hataki kuonwa na yeyote. Majibu ya swali hilo huchora ramani vizuri kuliko orodha ndefu ya mahitaji.

Mama wa watoto alisema kwamba nyumba wanayokaa sasa ina dirisha kubwa mbele, lakini pazia halifunguliwi. Nimeiona hali hiyo mara nyingi mno. Kioo kikubwa kinawekwa upande wa barabara ili nyumba ionekane ya kisasa, kisha watu wanaishi na pazia limefungwa kutwa, taa zikiwaka saa sita mchana. Mwanga wote ule unaishia kwenye kitambaa.

Bibi, yaani mama mzazi wa baba, alisubiri wengine wamalize, ndipo akasema: "Mwanangu, mimi nataka nikifungua macho nijue kumekucha bila kuwasha taa. Na nikitaka kuwaona wajukuu wakicheza niwaone. Ila nikiwa nimejilaza, asinione mtu." Nikamjibu, "Nimekuelewa, mama," na sentensi yake nimeibandika juu ya meza ya kuchorea, maana imebeba masharti karibu yote ya kazi hii.

Jambo moja zaidi tuliafikiana hapo hapo: yeye halazimiki kupanda ngazi. Chumba chake, bafu lake, jiko na sebule vyote viwe usawa mmoja.

Februari, mwishoni: michoro iliyowekwa kando

Mchoro wa kwanza ulirudi ndani mita moja kila upande ili nyumba ipate madirisha ya pembeni. Unavutia kwenye karatasi. Lakini nyumba inabaki na upana wa mita 4, na ukiondoa kuta unabakiwa na mita 3.6 hivi. Na vichochoro vile vinaleta nini? Mtu akisimama ndani, dirisha lake likiwa mita moja kutoka ukuta wa karibu mita 7, lazima atazame juu nyuzi 80 ndipo aone anga. Amebakiwa na utepe wa anga wa nyuzi 10 tu. Dirisha la namna hiyo linaleta giza, unyevu na sauti za jirani. Sheria za eneo zinaruhusu ukuta usio na dirisha ufike mpakani, basi tutafika mpakani.

Mchoro wa pili ulikuwa wa korido ndefu ubavuni, vyumba vikipangwa kimoja baada ya kingine. Huo ndio mpangilio unaokuja kwanza kichwani kwa kiwanja chembamba. Korido inakula karibu moja ya sita ya upana, kutoka mbele hadi nyuma, na vyumba vya katikati vinabaki bila dirisha la maana.

Mchoro wa tatu niliupenda kweli: jengo la nyuma linyanyuliwe nusu ghorofa kuliko la mbele, ili madirisha yanayotazamana yasikutane uso kwa uso. Ni njia nzuri ya kupata faragha ndani ya nyumba yenyewe. Lakini bibi angepanda vidato tisa kila anapokwenda mezani. Kwa familia nyingine ningeutetea mchoro huo, kwa hii haufai.

Machi

Sasa tuna mpango. Nikitoka barabarani kwenda nyuma: mita 2 za kibaraza kilichositiriwa, jengo la mbele mita 7.5, ua wa katikati mita 4, jengo la nyuma mita 8, kisha ua mdogo wa nyuma mita 2.5. Jumla ni mita 24 kamili. Upana wa ndani, baada ya kuta mbili za sm 20, ni mita 5.6.

Ua wa katikati hauchukui upana wote. Upande wa kushoto kuna njia ya mita moja yenye kioo kuanzia chini hadi juu, inayounganisha majengo mawili, na juu yake kuna njia nyingine kama hiyo kwa ghorofa. Hivyo ua wenyewe ni mita 4 kwa 4.5, yaani mita za mraba 18. Mwenye nyumba aliuliza kama si hasara kuacha uwazi mkubwa hivyo kwenye kiwanja kidogo hivi. Nilimwonyesha kwamba vyumba vitano vinapata dirisha lao kuu kutoka hapo. Ukiujaza ua huo, unaongeza vyumba viwili vya giza na kuviharibu vitano vilivyopo.

Wazo la kukata kiwanja chembamba sehemu tatu na kuiacha ya katikati wazi lina historia. Msanifu wa Japani, Tadao Ando, alilifanya huko Osaka mwaka 1976, kwenye nyumba ya Sumiyoshi iliyobanwa katikati ya safu ya nyumba nyingine. Ukuta wake wa mbele ni zege tupu lisilo na dirisha hata moja, lina mlango tu, na mwanga wote unashuka kwenye ua wa kati. Kuna sharti moja kali: kwenda kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine ni lazima upite ua wenyewe, na mvua ikinyesha unalowa. Naiheshimu sana nyumba ile kwa msimamo wake. Lakini nyumba yenye mtu mzima anayeamka usiku kwenda jikoni inahitaji njia kavu, ndiyo maana ile mita moja ya kioo haiguswi.

Ngazi ziko ndani ya jengo la mbele, zimelala kando ya ukuta wa kushoto. Kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3.15, yaani vipandio 18 vya sm 17.5, na kila kidato kina sm 27 za kukanyagia. Kanuni ya zamani iliyoachwa na François Blondel wa Ufaransa katika karne ya 17 inasema chukua kimo cha kipandio mara mbili, ongeza upana wa kidato, jumla ilingane na hatua ya mtu. Siku hizi tunailenga kati ya sm 60 na 64. Zetu zinatoa 62. Ngazi zinachukua urefu wa karibu mita 4.6, na mtu akifika juu anajikuta mwanzoni mwa njia ya kioo.

Kitu kilichonichukua muda zaidi mwezi huu ni mchoro wa mkato, unaoonyesha nyumba kana kwamba imekatwa wima, si ramani ya sakafu. Kwenye nyumba nyembamba mkato ndio unaosema ukweli. Nilichora mtu aliyeketi katika jengo la nyuma, sakafu ya chini, macho yake yakiwa mita 1.2 kutoka chini, na mbele yake ua wa mita 4. Ukuta wa jengo la mbele ukifika mita 6.9, inambidi atazame nyuzi 55 ndipo aone anga. Nikalaza paa la jengo la mbele lishuke kuelekea uani, ukingo wake ukae mita 5.4. Sasa anga inaanzia nyuzi 46. Nyuzi tisa zinaonekana kidogo, lakini ni nyuzi tisa za anga tupu kwa kila mtu anayeketi mezani, kila siku. Chumba cha mtoto kilicho chini ya paa hilo kimepata dari linaloshuka hadi juu kidogo ya dirisha lake, naye amelipenda.

Aprili: modeli

Programu za kompyuta zinahesabu mwanga vizuri, na nimezitumia. Hata hivyo kwa nyumba hii nimejenga modeli ya kipimo cha 1:20, urefu wa mita 1.2 na upana wa sm 30. Mawimbi ya mwanga ni madogo kuliko sehemu ya elfu ya milimita, kwa hiyo mwanga hautofautishi chumba halisi na chumba cha sentimita ishirini. Ukiiga maumbo na rangi kwa uaminifu, mwanga unaanguka vilevile. Joto halipimiki hivyo, wala upepo, wala sauti. Mwanga pekee ndio unatupa zawadi hiyo.

Kazi yenyewe inataka subira. Kadi nyeupe hupitisha mwanga hata kama inaonekana nene, kwa hiyo kuta zote nilizivika karatasi nyeusi kwa nje na kuziba viungio kwa utepe. Usipoziba, mwanga unaovuja kwenye kona moja unakuahidi chumba ambacho hakitakuwepo. Kipima mwanga nilikilaza ndani kwenye kimo cha sm 3.75, ambacho kwenye nyumba halisi ni usawa wa meza, sm 75. Kipima mwanga cha pili kilikaa juu ya paa la ofisi kikitazama anga yote. Unasoma vyote viwili kwa wakati mmoja, siku ya mawingu mazito, kisha unagawanya. Siku ya jua kali haifai kwa kipimo hiki, kwa sababu jua likisogea kidogo tu namba zinaruka.

Kanuni inayotumika sana ni kwamba wastani wa chumba ukiwa chini ya asilimia 2 ya mwanga wa nje, watu huwasha taa mchana, na ukipita asilimia 5 hawazikumbuki kabisa.

Baada ya kupunguza kwa ajili ya vioo, fremu na vumbi, namba zilitoka hivi: meza ya kulia, asilimia 3.1, chumba cha bibi, 2.6, katikati ya sebule, mita tatu kutoka kioo cha nyuma, 1.3. Ua wa katikati unafanya kazi yake. Anga ya mawingu huwa na mwanga mara tatu zaidi utosini kuliko kwenye upeo, na ua unatazama utosini. Ule wa nyuma ni mwembamba, na jengo la jirani limeziba sehemu kubwa ya anga yake.

Kwa sebule nilijaribu mambo mawili. Kwanza, boriti iliyokuwa ikining'inia juu ya kioo cha nyuma nimeigeuza ikae juu ya sakafu ya ghorofa badala ya kushuka chini yake, na dirisha limepanda hadi darini. Mwanga wa dirisha la upande mmoja hufika ndani kiasi cha mara mbili hadi mara mbili na nusu ya kimo cha kichwa cha dirisha, kwa hiyo kila sentimita ya juu ina thamani kuliko ya chini. Vile vipande vya kioo vilivyo chini ya magoti vinapendeza machoni lakini mezani haviongezi kitu. Pili, uso wa ndani wa ukuta wa nyuma na sakafu ya ua zimepakwa nyeupe, maana rangi nyeupe isiyong'aa inarudisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga unaoipiga, wakati tofali jekundu halirudishi hata nusu ya huo. Kipimo kikapanda hadi asilimia 2.1.

Nilimwita bibi aje atazame. Aliinama, akachungulia kwenye tundu nililotoboa ukutani kwa kimo cha macho yake akiwa kitandani, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akauliza kitanda kitakaa upande gani. Akataka kigeuzwe kitazame uani, na mlango wa bafu uhame. Tumeuhamisha.

Mei: macho ya nyuma

Mwezi huu wote ni wa jirani wa nyuma. Mtu akisimama dirishani kwake ghorofa ya juu, macho yake yako mita 7.6 kutoka ardhini na mita 3 nje ya mpaka. Nikivuta mstari kutoka hapo hadi kichwa cha kioo chetu cha sebule, mita 2.8, na kuuendeleza ndani, unagusa sakafu mita 3.2 kutoka kwenye kioo. Maana yake anaona karibu nusu ya sebule, na makochi yote.

Kuinua ukuta wa nyuma pekee hakusaidii. Ukitaka ukuta umzuie mtu aliye juu kiasi hicho, unaishia na kisima. Kioo cha ukungu nacho kinatunyima ua wenyewe. Lakini macho ya jirani yanakuja kwa mshazari na mwanga bora unakuja wima, na tofauti hiyo ndiyo inayotuokoa.

Juu ya ua wa nyuma, kimo cha mita 2.9, tunapanga mbao bapa zilizosimama ubavu, sambamba na ukuta wa nyuma. Kila ubao una kimo cha sm 20. Swali ni nafasi kati ya mbao. Mshazari mkali kabisa tunaohitaji kuuzuia ni ule unaotoka kwenye macho yake hadi chini kabisa ya kioo chetu: anashuka mita 7.6 kwa mwendo wa mita 5.5, karibu nyuzi 54. Ili mstari wa pembe hiyo usipenye, kimo cha ubao kikigawanywa kwa nafasi lazima kipite 1.38. Sm 20 kwa sm 14 inatoa 1.43. Yeye ataona mbao tu. Kutoka kwetu, ukiinua uso, anga ipo.

Mchoro ulionyesha pia kwamba sm 40 za kwanza karibu na ukuta wa nyuma hazihitaji mbao, mradi ukuta upande hadi mita 3.1, usawa wa juu wa mbao, kwa ajili ya mtu wa ghorofa ya kati anayetazama kwa mshazari mdogo. Tumeacha upenyo huo. Mwanga unashuka hapo ukikwangua ukuta mweupe, na ndio sehemu inayong'aa kuliko zote ukiwa sebuleni.

Mbao zinakula mwanga, hilo halikwepeki. Zikiwa za rangi ya mti, sebule ilirudi asilimia 1.6. Zikipakwa nyeupe, 1.8. Nimekaa na familia tukatazama namba hizo. Jiko, meza na sebule ni chumba kimoja kisicho na kiwambaza, na wastani wake bado uko juu ya 2. Wamekubali, nami naona wamechagua vyema: sehemu ya mita chache yenye mwanga tulivu kuliko sebule nzima ya kuchunguliwa.

Chumba cha kulala cha wazazi, kilicho juu ya hapo, kinatazama ua wa katikati. Upande wa nyuma kina bafu tu, na dirisha refu la mlalo linaloanzia mita 1.7 kutoka sakafuni. Macho ya mtu mzima aliyesimama hayapiti mita 1.6 kwa wengi wetu, na kioo hicho ni cha ukungu, kinapitisha mwanga bila kuonyesha umbo.

Mei, mwishoni: upande wa barabara na usiku

Ukuta wa mbele ni wa matofali ya matundu, kutoka chini hadi ukingo wa paa, mita 2 mbele ya jengo lenyewe. Jua la jioni la magharibi huwa chini na kali. Matundu yanalikata vipande kabla halijafika kwenye chumba cha mtoto.

Mchana ukuta huo hauonyeshi kitu. Nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani, na jicho la mpita njia linaishia kwenye uso wa tofali. Usiku mambo hugeuka. Nimezima taa za ofisi, nikaweka kibalbu ndani ya modeli, nikatazama kutoka barabarani: kila kitu kinaonekana, hadi kitanda cha mtoto. Wasanifu wengi huonyesha wateja picha za mchana peke yake, na mimi nadhani kila mteja angepaswa kudai picha ya saa mbili usiku kabla hajaweka saini.

Jibu nimelipata kwenye nyumba ya Paris iliyojengwa kati ya 1928 na 1932, iitwayo Maison de Verre. Pierre Chareau na Bernard Bijvoet waliijenga chini ya ghorofa ya mpangaji aliyekataa kuhama, na ukuta wake wa uani wakaufanya wa matofali ya kioo, yanayopitisha mwanga na kuficha maumbo. Usiku taa kubwa zilizowekwa nje ziliangaza ukuta huo, hivyo mwanga ukaendelea kuingia kutoka nje kama mchana. Kwetu kitu kidogo zaidi kinatosha: taa za chini, zilizofichwa kwenye ukingo, ziangaze uso wa nje wa matofali ya matundu. Uso wa karibu ukiwa na mwanga, jicho haliendi mbali zaidi. Nimerudia jaribio na kibalbu cha pili nje. Kitanda kimepotea.

Juu ya ngazi nimechukua somo la nyumba ya msanifu John Soane huko London, aliyoijenga upya mwaka 1812. Katika chumba chake cha kifungua kinywa, kuba la dari halikugusa kuta mbili, na mwanga unashuka pembeni yake kutoka kwenye madirisha ya paa usiyoyaona ukiwa umeketi. Unaona ukuta uliolowa mwanga tu. Sisi tumekata ufa wa sm 40 kwenye paa, urefu wa mita 4, ukilala kando ya ukuta wa kushoto juu ya ngazi. Sikutaka paa zima la kioo. Lingegeuza ngazi kuwa tanuri, na hewa moto yote ya nyumba ingekwama pale. Ufa mwembamba unatosha kuosha ukuta. Sehemu yake moja inafunguka, kwa hiyo hewa moto inapanda ngazi na kutoka, ikivuta ya baridi kutoka uani.

Juni: mhandisi

Mhandisi amependa upana wetu. Sakafu ya zege ya sm 22 inalala kutoka ukuta hadi ukuta, mita 5.6, bila nguzo hata moja katikati. Dari linabaki juu ya mita 2.8.

Msingi ndio wenye mambo. Kwa kawaida ukuta hukaa katikati ya msingi wake ili uzito ushuke sawasawa. Mpakani hauruhusiwi kuingia upande wa jirani hata kidogo, kwa hiyo ukuta unakaa ukingoni mwa msingi, na msingi unataka kupinduka kuelekea nje. Suluhisho lake ni boriti za chini zinazokatisha upana wote na kuufunga msingi wa kushoto na wa kulia, kila upande ukiuzuia mwenzake. Wembamba wa kiwanja hapa umetusaidia, maana boriti ni fupi. Kuchimba kutafanywa kwa vipande, kimoja kimoja, kila kimoja kimwagwe zege kabla ya kufungua kinachofuata, ili msingi wa jirani usibaki hewani kwa urefu mkubwa.

Kisha maji. Mvua ya milimita 100 kwa saa ikiangukia ua wa mita za mraba 18 inaleta lita nusu kila sekunde, na paa la mbele linalomwaga upande huo linaongeza karibu mara mbili ya hapo. Maji hayo hayana pa kwenda isipokuwa chini ya nyumba. Tumeweka mabomba mawili yanayojitegemea, kila moja likiweza kubeba yote, kwa sababu majani yataziba moja siku moja. Sakafu ya ua iko sm 12 chini ya sakafu ya ndani, na sehemu ya mlangoni kwa bibi ina mfereji wenye wavu ili asikutane na kidato.

Julai

Dirisha la bibi limekamilika kwenye karatasi. Linatazamana na jiko kwa umbali wa mita 4, na hiyo ndiyo faragha iliyobaki kutafutiwa dawa: si ya jirani, ni ya watu wa nyumba moja. Anapata kipande cha mbao nyembamba kinachoteleza mbele ya kioo, kikiendeshwa kutoka ndani peke yake. Nafasi za mbao zimelala kuelekea juu, kwa hiyo hata kikifungwa mwanga wa anga unaingia na wa jikoni hawamwoni. Kwenye ua tumepanga mti mmoja mwembamba, umekaa nje kidogo ya mstari wa katikati, kati ya kitanda chake na sinki la jikoni.

Sauti imenifanya nibadilishe lipu. Kuta nne laini zinazotazamana hurusha sauti huku na huku, na sahani zikioshwa upande mmoja zingesikika kitandani upande wa pili. Ukuta wa kulia wa ua utapigwa lipu ya kukwaruza, na rangi yake si nyeupe kabisa, ina uvuguvugu kidogo wa mchanga. Jua la saa sita likipiga nyeupe tupu, macho yanaumia.

Agosti

Michoro imepelekwa kuombewa kibali, pamoja na mkato unaoonyesha mistari ya macho ya jirani. Nimemwonyesha jirani mwenyewe pia, ili ajue zile mbao zimewekwa kwa hesabu na hazimzibii upepo. Ameomba mchoro, na amepewa.

Fundi wa fremu ameleta kipande cha mfano cha ufa wa paa, chenye kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, ili hata kikivunjika kisimwage vipande juu ya ngazi. Tumekimwagia maji usiku kucha. Kona moja ilitoa tone, ameondoka nacho akaikunje upya bati ya pembeni. Fundi wa mbao anaandaa mbao nne za ua wa nyuma kwa ukubwa halisi. Tutazifunga juu ya fito pale pale kiwanjani, sm 14 kati ya moja na nyingine, na mmoja wetu atapanda hadi ghorofa ya juu ya jirani, kwa ruhusa yake, atazame chini. Kibali kikitoka, kuchimba kunaanza na kipande cha kwanza cha ukuta wa kushoto, upande wa barabara.